Siku ya pili ya uumbaji Mungu hakusema "ni vyema". Wakuu kuna somo gani hapa?

#1 Mzee wa Rula
Habari wakuu. Nimeona nilete hili maana limenikaa kichwani tangu ibada ya leo. Pasta alikuwa anahubiri masomo ya maisha kutoka siku za uumbaji, siku ya kwanza nuru kwahiyo anza na Mungu, siku ya pili anga kwahiyo inua macho, siku ya tatu mbegu kwahiyo toa sadaka (hapo kanisa zima tulijua tunakopelekwa). Mi nikawa nafuatilia kwenye Biblia yangu, hii ya Union Version, Mwanzo sura ya 1. Karibu kila siku Mungu anaiangalia kazi yake anaona ni njema. Nuru, mstari wa 4. Nchi kavu na bahari, mstari wa 10, mimea tena mstari wa 12, yaani siku ya tatu kasifia mara mbili. Siku ya nne mstari wa 18, ya tano wa 21, ya sita wa 25 halafu wa 31 anamalizia "chema sana". Sasa rudi siku ya pili, mstari wa 6 mpaka wa 8. Kimya. Anaweka anga, anatenga maji ya juu na ya chini, anaipa jina, jioni, asubuhi, tumemaliza.

Nilimfuata pasta nje akanijibu "ndugu usitafute makosa kwenye neno". Sitafuti makosa, natafuta somo. Mtazamo wangu ni kwamba kuna kazi unaifanya sawasawa kabisa na hakuna anayekusifia, we endelea tu na ya kesho. Nyie mnaonaje?

#2 Shemeji Mkuu
Naweka kiti hapa. Waje wenye Biblia zao.

#3 mchambuzi huru
Somo ni kwamba mwandishi alisahau. Mbona rahisi tu, mnalazimisha kila nukta iwe na ufunuo ndani yake.

#4 Mwl wa Historia
Mleta uzi swali lako ni la zamani sana, walimu wa Kiyahudi wamelizungusha karne na karne. Jibu linalojulikana zaidi ni la Rashi, mfafanuzi aliyeishi Troyes huko Ufaransa karne ya 11. Anasema kazi ya maji ilianza siku ya pili ila haikuisha siku hiyo, iliisha siku ya tatu maji yalipokusanywa mahali pamoja. Na kitu ambacho hakijaisha hakisifiwi. Ndo maana siku ya tatu kuna "vyema" mbili, moja ya kufunga hesabu ya maji na nyingine ya kazi ya siku yenyewe. Kuna Wayahudi mpaka leo wanapenda kufunga ndoa Jumanne kwa sababu hiyo hiyo, siku iliyosifiwa mara mbili (wao wanahesabu Jumapili kuwa ya kwanza).

Wapo pia waliosema moto wa jehanamu uliumbwa siku ya pili, kwahiyo asingeusifia. Chagueni.

#5 Kinyozi wa Mbagala
Moto wa jehanamu uliumbwa Jumatatu? Sasa naelewa.

Na hao wa ndoa Jumanne wana akili sana, ukumbi Jumanne unapata kwa bei ya kutupa na wale wajomba wa kula tu wanakuwa kazini.

#6 Nyakato
Mi naomba nitofautiane kidogo na Mwalimu. Kazi kutoisha sawa, lakini angalieni ni kazi gani. Siku ile Mungu alitenganisha kitu kilichokuwa kimoja. Maji ni yale yale, mengine yakapelekwa juu mengine yakabaki chini. Kutenganisha hata kukiwa kwa lazima hakupigiwi makofi.

Hili nimeliona kwetu. Mzee alipofariki aliacha shamba moja na watoto wa mama wawili. Tukavumiliana tunalima pamoja, kila msimu kesi, huyu kavuna zaidi, yule kachoma mkaa mti wa mzee, watoto wakafika hatua ya kutosalimiana njiani, mpaka wazee wakasema ligawanywe. Siku ya kugawa akaja mpimaji na wajumbe wa kijiji, wanavuta kamba wanapigilia vigingi, wakafika kwenye mwembe ambao umekaa katikati ya mstari kabisa. Shangazi akaukumbatia. Hasemi kitu, hatoki, kanga imemwanguka begani wala haiokoti, mpaka mpimaji mwenyewe akaipindisha kamba ikapita pembeni. Siku ile hakuna aliyesema asante kwa mtu, chakula kilipikwa kikabaki kwenye sufuria. Ila msimu uliofuata ndo mara ya kwanza kila mtu alipanda mvua za kwanza bila kumsubiri mwenzake.

Kwahiyo mi nasoma hivi, bila siku ya pili hupati nchi kavu ya siku ya tatu, ila usitegemee siku ya pili yenyewe ikuchekeshe.

#7 Shemeji Mkuu
Mwembe ukaangukia upande wa nani?

#8 Nyakato
Wa shangazi. Nani angebisha.

#9 Fundi Cherehani
Nyakato pole kwa yaliyowakuta ila hoja yako ina tundu. Siku ya kwanza pia alitenga, nuru na giza, na ikasemwa njema.

#10 Nyakato
Soma vizuri mstari wa 4 Fundi. "Mungu akaiona nuru, ya kuwa ni njema, Mungu akatenga nuru na giza." Sifa ni ya nuru, imetangulia, kutenga kumekuja baadaye bila sifa. Unazidi kunisaidia hoja yangu.

#11 Fundi Cherehani
Haya twende siku ya nne sasa, mstari wa 18. Jua na mwezi vimewekwa "kutenga nuru na giza", na papo hapo Mungu akaona ya kuwa ni vyema. Hapo kutenga kumesifiwa mchana kweupe. Nasubiri.

#12 Kinyozi wa Mbagala
Nyakato kaenda kuchaji simu.

#13 Nyakato
Nipo. Huo mstari wa 18 naomba niulalie.

#14 Mama Junia
Bwana asifiwe. Mimi mtumishi mmoja aliwahi kutufundisha kuwa yale maji ya juu ndo yaliyokuja kumwagwa wakati wa Nuhu, ukisoma Mwanzo 7:11 madirisha ya mbinguni yakafunguka. Mungu anajua mwisho tangu mwanzo, asingesifia silaha ya adhabu. Ndo somo tulilopewa, baraka na hukumu vyote anavyo ghalani.

#15 mchambuzi huru
Mama Junia kwa lojiki hiyo asingemsifia na binadamu, maana gharika ililetwa na makosa ya binadamu, na siku ya sita ndo kasema chema SANA.

#16 Mama Junia
Amen mwanangu, hilo nalo neno. Nitamuuliza mtumishi.

#17 Kaka wa Same
Wakuu mnapigania siku ya pili mmeiruka siku ya saba, ndo siku pekee iliyobarikiwa na kutakaswa, Mwanzo 2:3. Tena kila siku imefungwa na "ikawa jioni ikawa asubuhi" isipokuwa ya saba. Haina jioni. Pumziko halijafungwa.

Sisi kwetu Upare Usabato umeingia tangu 1903 kwahiyo haya mambo tumekua nayo. Ijumaa ni siku ya maandalio. Nguo zimepigwa pasi, viatu viko mlangoni vimepakwa dawa, makande yameiva mchana. Mama alikuwa na kigenge mbele ya nyumba, jua likianza kugusa mlima anashusha turubai. Sasa kuna jirani alikuwa na tabia ya kuja wakati huohuo, "mama nanihii nigee kiberiti tu", na mama anampa. Pesa hapokei. Anamwambia utaleta Jumapili. Yule jirani akajua janja, kila Ijumaa jioni anakuja kuchukua kiberiti, sabuni, sukari, na wala Jumapili haleti. Baba akimwambia huyu anatuibia mama anajibu kuwa mimi nimefunga duka, sijafunga mkono. Somo langu la uumbaji nimelitoa pale.

#18 Shemeji Mkuu
Huyo jirani nadhani namfahamu, kahamia kwetu.

#19 Ntuzu Mwenyewe
Kaka wa Same swali la uchokozi. Kama siku ya sita Mungu aliona KILA KITU chema sana, nguruwe akiwemo, mbona nyie kitimoto hamgusi? Nimeuliza kwa heshima, niko na kilo mezani hapa.

#20 Kaka wa Same
Shuka mstari wa 29 kabla hujamaliza hiyo kilo. Chakula alichopewa mtu siku ya sita ni mimea ya kuzaa mbegu na matunda ya miti. Nyama mtu karuhusiwa baada ya gharika, Mwanzo 9:3. Kwahiyo kwa siku ya sita hata mbuzi hukupewa.

#21 Ntuzu Mwenyewe
Nimesoma kweli ipo hivyo. Nimeumia sana. Nimemaliza kilo.

#22 Lulu ya Pemba
Asalaam alaykum. Mimi Muislamu ila uzi umenivuta. Kwetu pia zipo siku sita, Surat Al-Aaraf aya ya 54, na Surat Qaaf aya ya 38 inaongeza kuwa haukumgusa uchovu wowote. Kwahiyo hilo la Mungu kupumzika sisi hatulichukui, aliyechoka ndiye hupumzika.

Kingine, hii ya jioni kutangulia asubuhi msiione ngeni. Siku yetu inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa, mtu wa bara akiambiwa njoo maulidini usiku wa Ijumaa anakuja siku ya pili yake anakuta watu washaosha masahani.

#23 Kaka wa Same
Lulu ahsante. Na hilo la Sabato kuanza machweo tunakutana. Ila kuhusu kuchoka, hata sisi hatusemi alichoka, Isaya 40:28 anasema wazi Mungu hazimii wala hachoki. Alipumzika maana kazi imekamilika, Kutoka 31:17 inasema akapumzika na kustarehe. Alikaa akafurahia alichofanya.

#24 mchambuzi huru
Na Yesu mwenyewe Yohana 5:17 anasema Baba yangu anatenda kazi hata sasa. Anapumzika au anatenda? Mkubaliane kwanza.

#25 Muuguzi wa Zamu
Nimependa hiyo ya jioni kuanza maana mi naishi kwenye jioni, zamu ya usiku wodi ya wazazi. Watu wanasema siku mpya imeanza wakiona jua, sisi saa nane usiku tayari tuna watoto wanne wa siku mpya wamepimwa uzito na kuvikwa kofia. Mambo mengi makubwa yanaanza gizani wakati wengine mmelala, we unakuja asubuhi na uji kwenye chupa unakuta kila kitu kimeshakuwa. Mi somo langu la siku za uumbaji ni hilo la jioni kwanza. Halafu niseme ukweli lile la siku ya saba kwetu halipo kabisa, mtu anatoka zamu anaunga na kazi nyingine, tunahubiriwa kupumzika na watu wanaolala usiku.

#26 Msomaji wa Riruta
Niaje wadau. Nimesoma kutoka juu mpaka hapa na hakuna amesema kitu moja ya maana sana: kwa Biblia yetu siku ya pili IKO na "vyema". Mimi ni Orthodox, sisi kwa Agano la Kale tunafuata ile tafsiri ya Kigiriki ya zamani, Septuaginta, ilianza kutafsiriwa Misri karne ya 3 kabla ya Kristo. Huko mstari wa 8 unasema Mungu akaliita anga mbingu, na Mungu akaona kuwa ni vyema. So hii debate yote inategemea ni Biblia gani umeshika.

#27 Mzee wa Rula
Duh. Mkuu una uhakika?

#28 Mwl wa Historia
Riruta yuko sahihi, nilikuwa nangoja nione nani ataileta. Union Version imefuata Kiebrania na Kiebrania hakina. Kigiriki kinacho. Sasa swali linageuka, nani katoa au nani kaongeza? Wengi wanaona watafsiri wa Kigiriki walijaza pengo ili siku zote zifanane, na kweli wale jamaa kwenye sura hii wana tabia ya kunyoosha mambo yaendane. Mfano mwingine Mwanzo 2:2, Kiebrania kinasema Mungu alimaliza kazi siku ya saba, Kigiriki kinasema siku ya sita, labda kukwepa ionekane alifanya kazi siku ya mapumziko. Ila kuna wanaodhani walikuwa na nakala ya Kiebrania tofauti na hii tuliyonayo.

#29 mchambuzi huru
Kwahiyo posti yangu namba 3 haikuwa mbaya kihivyo. Mtu alisahau, au mtu aliongeza. Mkono wa mtu upo.

Na tuongee ukweli, hii habari yote imekopiwa Babeli. Kuna shairi lao la uumbaji lina siku saba hivihivi, na mungu wao Marduki anampasua Tiamati, mungu wa kike wa bahari, vipande viwili, nusu anaifanya mbingu. Maji ya juu na maji ya chini hayo.

#30 Mwl wa Historia
Marekebisho mkuu. Lile shairi lina VIBAO saba vya udongo, siyo siku saba. Uumbaji haujagawanywa kwa siku mle. Hiyo ya kumpasua Tiamati ni kweli ipo, na kufanana kwa maji kupo. George Smith alilichapisha London 1876 na watu walishtuka sana enzi hizo. Ila angalia na tofauti, Babeli mbingu inatokana na vita, mzoga wa aliyeshindwa, Mwanzo hakuna wa kupigana naye, anasema tu inakuwa. Na siku ya nne jua na mwezi havitajwi hata majina, ni "mianga miwili", mkubwa na mdogo. Majirani wote walikuwa wanaviabudu, huyu mwandishi kavishusha vyeo vikawa taa na kalenda.

#31 Bint Kigoma
Mwalimu hapo kwenye mwanga mdogo naomba niingie, maana nimeona mnaupita haraka mnakimbilia mambo ya Kigiriki.

Huku kwetu ziwani mwezi unatawala kweli, siyo mashairi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa hivi taa za betri na sola. Taa inawaka juu ya maji dagaa wanapanda, wavu unainuliwa. Sasa mbalamwezi ikiwa kali taa yako haina maana, mwanga umesambaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuja kwako. Kwahiyo siku zile mwezi umejaa watu hawaendi. Unakuta mitumbwi imepandishwa, wanaume wanashona nyavu, wanacheza bao, mke anajua mume yupo nyumbani. Hakuna pasta aliyewaambia, hakuna bosi. Ule mwanga mdogo umesema pumzika.

Halafu 2024 serikali ikafunga uvuvi ziwa lote upande wetu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu samaki wazaliane. Tulilalamika sana nisidanganye, dagaa walipotea sokoni na waliopatikana bei haisemeki, mama zetu wanaoanika pale mchangani wakakaa mikono mitupu. Ila siku ya tano ukisoma, baraka ya kwanza kabisa kwenye Biblia hawakupewa watu, walipewa samaki na ndege. Mstari wa 22, zaeni mkaongezeke mkayajaze maji. Sisi tunapewa mstari wa 28, wao washabarikiwa jana yake. Ukivua mpaka mayai unamnyang'anya mtu baraka yake.

#32 Shemeji Mkuu
Posti ya mwaka hii. Nilikuwa nimekaa kiti sasa nimesimama.

#33 Ntuzu Mwenyewe
Bint Kigoma umeongea ila ule mstari wa 28 unasema tukaitiishe nchi na tukatawale samaki wa baharini. Tumepewa mamlaka.

#34 Bint Kigoma
Hata mwezi umepewa kutawala usiku, mstari wa 16. Umeona ukiula?

#35 Kinyozi wa Mbagala
🔥🔥 Ntuzu rudi kwenye kitimoto chako.

#36 Lulu ya Pemba
Na pwani vilevile Bint Kigoma, mwezi ndo unatupangia bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Bamvua maji yanakupwa mbali, mama zetu wanashuka na vyuma kutafuta pweza, unatembea kwa miguu pahali ambapo asubuhi dau lilipita. Nikisoma hiyo ya maji kukusanyika pahali pamoja pakavu paonekane, sisi tunaiona kwa macho.

#37 Fundi Cherehani
Mi kuna kitu kinanisumbua kwenye hiyo siku ya nne. Mimea siku ya tatu, jua siku ya nne. Mtoto wangu yuko form two kaniuliza baba mimea ilitengenezaje chakula bila jua, nikamwambia kamuulize mama yako.

#38 Mama Junia
Nuru ilikuwepo tangu siku ya kwanza mwanangu. Nuru siyo lazima iwe jua.

#39 Msomaji wa Riruta
Mama Junia amejibu vile Mtakatifu Basili alijibu karne ya 4, Kaisaria ya Kapadokia, siku hizi ni Uturuki. Alisema mimea ilitangulia ili watu wanaoabudu jua wajue jua halikuwapa uhai wa chochote.

Na wacha niwachekeshe kidogo. Huyo Basili alihubiri habari za siku za uumbaji mfululizo wakati wa Kwaresima, asubuhi na jioni. Siku moja akaona waliojaa mbele yake ni mafundi na vibarua, watu wanaishi kwa kazi ya siku hiyohiyo, akasema nitafupisha nisiwacheleweshe kazini. Siku ingine akahubiri siku ya tano, samaki samaki samaki, akaona watu wanaangaliana, kumbe amesahau ndege kabisa. Akarudi kuwahubiri ndege.

Lakini somo yake kali ni hii, aliwakataa watu wa kutafuta maana za kiroho kila mahali. Akasema mimi nikisikia nyasi naelewa nyasi. Hata haya maji ya juu na ya chini, kuna waliosema ni malaika wazuri na wabaya, akasema hizo ni ndoto, maji ni maji. So mleta uzi pengine anga ni anga tu.

#40 Kinyozi wa Mbagala
Pasta anayefupisha ibada ili mafundi wawahi kazini?? Mkuu nipe namba yake. Wetu akisema "namalizia" ndo anafungua sura mpya.

#41 Mzee wa Rula
Riruta ahsante sana. Ila nakataa hiyo ya nyasi ni nyasi kwa asilimia mia. Kama Paulo kaisoma nuru ya siku ya kwanza akasema Mungu aliyesema nuru itang'aa toka gizani ndiye aliyeng'aa mioyoni mwetu (2 Wakorintho 4:6), basi kutafuta somo kumeruhusiwa. Shida ni pasta wetu anapojua somo kabla hajafungua kitabu. Mi vikoba chetu tumewahi kuvunjana kwa sababu daftari la mahesabu lilikaa kwa mtu mmoja tu, mwaka tulioanza upya kitu cha kwanza tulikubaliana kila kikao daftari linasomwa kwa sauti, mkopo wa nani, marejesho ya nani, mbele ya wote. Nilipolisema kama "iwe nuru" watu walicheka ila walielewa. Sijasema Musa alikuwa anaongelea vikoba.

#42 mchambuzi huru
Angalau umekiri.

#43 Mwl wa Historia
Kuna wanaosoma bila kutafuta somo la siku mojamoja, wanatazama mpangilio. Mstari wa 2 nchi ni ukiwa tena utupu. Siku tatu za kwanza zinaondoa ukiwa, anapanga mahali. Siku tatu za pili zinaondoa utupu, anajaza. Siku ya 1 nuru, ya 4 mianga. Ya 2 anga na maji, ya 5 ndege na samaki. Ya 3 nchi kavu na mimea, ya 6 wanyama na watu. Kwa usomaji huo siku ya pili haijakosa kitu, inamsubiri mwenzake wa tano.

#44 Nyakato
Hii nimeipenda kuliko ya Rashi. Ila bado haijibu kwa nini siku ya kwanza ambayo nayo inasubiri mwenzake imesifiwa palepale. Na ule mstari wa 18 wa Fundi nimeulalia, sijapata kitu, nimeamka nao.

#45 Fundi Cherehani
Ulale tena.

#46 Kinyozi wa Mbagala
By the way mnajua Neil Armstrong alivyofika mwezini alisoma hii Mwanzo 1 dunia nzima ikasikia? Apollo 11.

#47 Muuguzi wa Zamu
Siyo Armstrong na siyo 11. Ni Apollo 8, mkesha wa Krismasi 1968, hawakutua, walikuwa wanauzunguka tu. Watu watatu, Anders, Lovell na Borman, walisoma kwa zamu mstari wa 1 mpaka wa 10. Naijua maana marehemu baba alikuwa mtu wa redio.

#48 Mzee wa Rula
Ngoja. Mpaka wa 10? Kwahiyo walivuka siku ya pili wakasimama kwenye "vyema" ya kwanza ya siku ya tatu. Ile ya Rashi ya kufunga hesabu ya maji!

#49 mchambuzi huru
Haya sasa na NASA wameingizwa kwenye ufunuo. Walisimama hapo kwa sababu sentensi inaisha hapo.

#50 Ntuzu Mwenyewe
Swali jepesi kabla sijalala. Kabla ya siku ya kwanza Mungu alikuwa anafanya nini?

#51 Msomaji wa Riruta
Augustino, Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo, anasema kuna mtu aliulizwa hivyo akajibu "alikuwa anaandaa jehanamu ya watu wa maswali kama yako". Halafu Augustino mwenyewe akakataa utani huo, akasema heri kujibu sijui. Yeye alikuwa anaamini vitu vyote viliumbwa mara moja, hizo siku sita si za masaa 24.

#52 Kaka wa Same
Hapo kwenye masaa 24 tutagombana Riruta. Kutoka 20:11 amri ya Sabato inasimama juu ya siku sita za kweli. Ukizifanya mfano na Sabato inakuwa mfano.

#53 Lulu ya Pemba
Kwetu Surat Al-Hajj aya ya 47, siku moja kwa Mola wako ni kama miaka elfu mnayohesabu nyinyi. Na nyinyi si munayo kwenye Zaburi?

#54 Mama Junia
Zaburi 90:4 na 2 Petro 3:8. Ubarikiwe binti.

#55 Kaka wa Same
Hiyo inaongelea subira ya Mungu, haitoi kikokotoo cha Mwanzo. Jumamosi baada ya ibada nafungua uzi wake, njooni wote. Kabla ya machweo sishiki simu.

#56 Ntuzu Mwenyewe
Bint Kigoma wale dagaa kwa sasa wanapatikana? Mwanza tunakula wa Victoria, nataka wale wa kwenu wasio na mchanga.

#57 Bint Kigoma
Wasio na mchanga ni wale wanaoanikwa juu ya vichanja, bei imechangamka kidogo. Wapo, ila subiri, wiki hii mbalamwezi. Njoo inboksi.